Vijana wetu wa tamthilia wasaidiwe kabla ya kusaini mikataba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vijana wa Moshi wanaochipukia katika tamthilia za televisheni. Vipaji tunavyo. Jioni watoto mtaani kwetu Majengo huiga sauti za waigizaji hao, nasi wazazi tunajivunia.

Kinachoniuma ni mikataba. Mwezi uliopita binti wa jirani yangu alinionyesha wake: karatasi moja iliyokunjwa mara nne, haina tarehe ya malipo, imeandikwa kwa Kiingereza ambacho mwenyewe hakukielewa. Alikuwa ameshaigiza miezi mitano kwa nauli na chakula tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake, ikiwamo ya kutoa au kunyima idhini ya kurekodiwa na kurushwa hewani. Lakini haki usiyoijua utaidai vipi? Kijana wa miaka 19 akiona kamera, kalamu anaishika haraka.

Naomba ofisi ya utamaduni ya manispaa ishirikiane na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kuandaa mkataba wa mfano kwa Kiswahili, upatikane bure hadi ofisi za kata. Vilevile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) ilete kozi fupi huku kwetu, maana Bagamoyo ni mbali na si kila mzazi ana uwezo wa kumgharamia mtoto huko. Ukumbi hautakosekana; shule nyingi hufungwa mwezi Desemba.

Mzazi,
Majengo, Moshi