Salamu za Mwaka Mpya 5787: Baragumu Litasubiri Jumapili

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu wa rika, hamjambo. Salamu hizi ni za ndugu, mawifi, mashemeji na marafiki walioko Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na pia za wenzetu tulio nao huku Massachusetts. Jua litakapotua Ijumaa, tarehe 11 Septemba 2026, sisi Wayahudi tutaingia mwaka 5787. Shana tova kwenu nyote. Mwaka mwema, mwaka mtamu.

Kila mwaka nikituma salamu hizi kuna mtu hunijibu kwa swali: sala zenu huongozwa na nani, na rabi wenu ni nani? Mwaka huu najibu mapema. Hatuna rabi wa kuajiriwa, wala mwimbishaji wa kulipwa. Tuna ukumbi wa kukodi, viti tunavyovipanga duara, gombo la Torati, na orodha ya zamu ambayo safari hii imeangukia mikononi mwangu. Sheria ya Kiyahudi haidai rabi ili watu wasali pamoja. Inadai watu wazima kumi, na mmoja kati yao awe anaijua sala kiasi cha kuwaongoza wenzake. Kwetu, wanawake na wanaume huhesabiwa sawa katika hao kumi.

Mtindo huu una mizizi yake papa hapa jirani. Mwaka 1968, hapahapa Massachusetts, vijana waliochoshwa na masinagogi makubwa, ambako kiongozi husimama jukwaani na watu wakakaa kama watazamaji, walianzisha Havurat Shalom: kikundi kidogo, watu wanatazamana, kila mmoja na kazi yake. Kutoka hapo vikundi vya namna hiyo vikaenea Marekani. Nami huwakumbusha wenzangu wa huku kwamba Afrika Mashariki jambo hilo halikuwa jipya. Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, walioanza mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, walijiongoza wenyewe kwa miongo mingi. Waliendelea kusali hata Idi Amin alipopiga marufuku dini yao wakawa wanakutana kwa siri. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo mwaka 2008. Hesabuni wenyewe hiyo miaka katikati.

Sasa habari kubwa ya mwaka huu, ambayo imetufanya tukae kikao kirefu kuliko tulivyotaka. Rosh Hashanah, ndiyo sikukuu yetu ya mwaka mpya, ina siku mbili, na safari hii siku ya kwanza imeangukia Sabato, Jumamosi tarehe 12. Kwa desturi ya zamani, shofar haipigwi siku ya Sabato. Shofar ni ile pembe ya kondoo dume tunayoipuliza kuuamsha mwaka. Msiichanganye na siwa ya Pate au ya Lamu: siwa ilikuwa ya wakubwa, ya pembe za ndovu na ya shaba, na haikushikwa na kila mtu. Shofar ni pembe ya mnyama wa kuchinjwa, na kila mtu ana wajibu nayo. Ukisema Rosh Hashanah umesema shofar. Torati yenyewe inaiita siku ya kupiga baragumu. Watoto hungojea sauti ile mwezi mzima. Halafu siku ya kwanza ifike, tukae kimya?

Mtu akisikia katazo la Sabato hudhani basi kupuliza ni kazi, na kazi hairuhusiwi. Sivyo. Talmud, mkusanyo wa mijadala ya wanazuoni wetu wa kale, inasema wazi kwamba kupiga shofar ni ujuzi, si kazi. Katika Hekalu la Yerusalemu ilipigwa hata Sabato, na Hekalu lilipobomolewa Rabi Yohanan ben Zakkai akaagiza ipigwe pia mahali penye baraza la mahakimu. Sababu ya kuizuia kwingineko inatolewa na mwanazuoni Rabba, na ndiyo niliyoipenda. Anasema: watu wote wana wajibu wa kupiga shofar, lakini si wote wanaojua kuipiga. Basi inahofiwa kwamba asiyejua ataichukua mkononi, aende kwa anayejua ili afundishwe, na njiani ataibeba dhiraa nne mahali pa hadhara. Kubeba kitu hadharani siku ya Sabato ndiyo kazi iliyokatazwa.

Hebu mtazameni huyo mtu wa Rabba. Asubuhi ya sikukuu imefika, hajui kupuliza, na hakai akasema wako wenye kujua watanipulizia. Anaikamata pembe, anatoka mbio kumtafuta fundi. Hamu yake ndiyo inayohofiwa, kwa kuwa ni kubwa kiasi cha kumsahaulisha Sabato. Sheria nzima imetungwa kwa kumfikiria mwanagenzi! Kama shofar ingekuwa shughuli ya mabingwa peke yao, pasingekuwa na haja ya katazo. Bingwa hana wa kumkimbilia. Sisi ambao kila mmoja wetu ni mwanagenzi wa jambo fulani, hapo tumetajwa.

Kikaoni wengine walitaka tupige siku zote mbili, na hawakukosa hoja: makutaniko mengi ya Reform, tawi la Kiyahudi lenye mwelekeo wa kisasa, hupiga hata Sabato. Mzee mmoja alisema masikio yake hayana uhakika wa mwaka ujao. Hoja hiyo ilitunyamazisha kidogo. Mwishowe tulishika desturi, na tukampa yeye nafasi ya kupuliza sauti ya kwanza Jumapili.

Kwa hiyo Jumapili tarehe 13 njooni na masikio. Ni sauti 100 kwa jumla: tekia iliyonyooka, shevarim iliyokatika vipande vitatu, terua ya kugugumia, na mwisho ile tekia ndefu ambayo watoto huhesabu sekunde kwa vidole. Wapulizaji watapokezana, na mmoja ni binti aliyekuwa akifanyia mazoezi gereji hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Mafunzo yanaendelea kila Jumapili alasiri hadi sikukuu. Siri, nimeambiwa, ni midomo na si mapafu. Mimi bado natoa upepo mtupu.

Siku ya kwanza nayo haitakuwa tupu. Kwa kuwa ni Sabato, wataitwa watu saba mbele ya Torati badala ya watano wa kawaida ya Rosh Hashanah, maana yake nafasi mbili zaidi kwa ambao hawajawahi kuitwa. Mnaosoma, anzeni sasa kama hamjaanza. Gombo halina irabu wala alama za mahadhi. Vyote hivyo hubebwa kichwani, na usiku mmoja hautoshi. Tutasoma habari za Hajiri na mwanawe Ishmaeli jangwani, maji yakiisha kwenye kiriba, mama akimlaza mtoto chini ya kichaka na kwenda kukaa mbali asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya kijana. Wajomba zangu Waislamu hawahitaji kuelezwa. Wanamkumbuka mama huyo kila wanapokwenda baina ya Safa na Marwa. Mimi hujiuliza waliotupangia somo hili walikuwa na ujasiri gani: siku ya kwanza ya mwaka wetu, wa kwanza kulia na kusikilizwa ni aliyefukuzwa nyumbani kwetu. Siku ya pili tunasoma jinsi Abrahamu alivyomfunga Isaka juu ya madhabahu. Hapo masimulizi yetu na ya wajomba huachana, na tumekwisha kubishana vya kutosha kwenye karamu za Idi.

Jumapili hiyohiyo alasiri tutashuka mtoni kwa tashlikh, kuzitupa dhambi majini kama alivyosema nabii Mika. Kwa kawaida huwa siku ya kwanza, lakini Sabato imeisogeza pia. Dhambi tunazitupa kwa mfano wa makombo ya mkate, basi tafadhali msilete mikate mizima. Bata wa mto wameshanenepa kwa dhambi zetu.

Chakula, najua wengine mmeruka aya zote mfike hapa. Kila mtu aje na sahani ya kuchangia, bila nyama, ili wote wale. Tofaa na asali zipo, mikate ya mviringo inaokwa na vijana. Usiku wa kwanza tunafuata pia desturi ya Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, ya kubariki vyakula vya ishara: tende, boga, komamanga, vitunguu vya majani, na kunde. Mpwani hawezi kuvisoma hivyo asicheke. Ni kama mtu ameandika futari. Kunde nimezichukua mimi, zitakuwa za nazi. Usiku wa pili huliwa tunda ambalo mtu hajalionja msimu huo, kwa baraka ya kushukuru kufikishwa wakati huu. Nimeona shokishoki katika maduka ya Wachina mjini Boston. Asiyelijua tunda hilo asiogope nywele zake.

Kati ya Rosh Hashanah na Yom Kippur, siku yetu ya toba na mfungo, kuna siku za kuombana radhi. Mishna, kitabu chetu cha kale cha sheria, inasema Yom Kippur haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe mwenyewe, kwa hiyo hakuna sala ya kunisaidia kwenu. Kama kuna niliyemkwaza kwa neno, kwa kimya, au kwa simu nisiyoipokea, naomba unisamehe. Na kama halisameheki bila mazungumzo, nipigie. Kwetu hapa siku hizi zina uzito wa ziada. Kuhusu Israeli na Gaza jumuiya yetu haina kauli moja, na wako wawili watatu waliokuwa marafiki ambao sasa hukaa pande mbili za duara. Hakuna atakayehubiri juu ya jambo hilo. Lakini jioni moja katika juma hilo tutakaa wanaotaka, kila mtu aseme bila kukatizwa, na tuombee amani ya wote wanaoishi kule.

Kol Nidre, sala ya kufungulia Yom Kippur, ni Jumapili jioni, tarehe 20 Septemba, na mfungo unakwisha Jumatatu usiku, yapata saa 25 bila chakula wala maji. Ndiyo, shangazi, hata maji. Wagonjwa na wajawazito walioambiwa na daktari wale, wale. Kwao kula ndiko kutii. Ungamo la siku hiyo lote liko katika wingi, tumekosa, tumesaliti, tumeiba, wala hakuna anayetamka "mimi". Asiyeiba naye hutamka kwa ajili ya aliyeiba aliyesimama kando yake, na hakuna anayejua nani ni nani. Alasiri kitabu cha Yona kitasomwa na vijana wetu, sura kwa sura. Na pesa za chakula ambacho hamtakula siku hiyo, leteni kabla ya mfungo zigeuzwe unga, mchele na maharagwe kwa ghala la chakula la mtaa.

Neno kuhusu mlango. Tangu watu 11 walipouawa wakisali katika sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, tarehe 27 Oktoba 2018, hatuachi mlango bila mtu. Mwaka jana, siku yenyewe ya Yom Kippur, sinagogi la Heaton Park mjini Manchester lilishambuliwa. Walinzi wa mlangoni ni sisi wenyewe kwa zamu za nusu saa, wawili wawili. Kazi yao ya kwanza ni kumkaribisha mgeni kwa jina lake na kumwonyesha kiti. Macho yaendelee kazi nyingine. Bado nina nafasi tupu Jumatatu mchana, saa ambayo njaa hufanya watu wajifanye hawaoni orodha yangu.

Mfungo ukifunguliwa tu, usiku uleule, tunapigilia mti wa kwanza wa kibanda cha Sukkot, sikukuu ya vibanda, kwa kuwa Ijumaa tarehe 25 jioni lazima kiwe tayari. Sheria zake mtu wa Pwani angezielewa bila mwalimu: paa liwe la mimea iliyokatwa, kivuli kizidi jua. Ila paa letu linafaa lionyeshe nyota, na fundi wa makuti angeliona aibu. Makuti hatuna; tuna mabua ya mahindi kutoka shambani kwa mtu na matawi ya msonobari. Waletao ngazi na misumeno waje Jumatatu usiku baada ya kula. Siku ya kwanza ya Sukkot nayo ni Sabato, na kwa sababu ileile ya Rabba, kuti la mtende, mihadasi, mierebi na etrogi, tunda la jamii ya ndimu, vitu vinne vya sikukuu hii, tutavishika kuanzia Jumapili tarehe 27. Mwaka huu mwanagenzi ametushika kila mahali.

Simchat Torah, sikukuu ya kuifurahia Torati, ni Jumamosi usiku tarehe 3 Oktoba na Jumapili tarehe 4. Tutazunguka na gombo mara saba, tutamaliza Kumbukumbu la Torati na kuanza Mwanzo bila kupumua. Tunahitaji mpiga ngoma wa usiku huo. Ninao ndugu zangu hapa wanaojua chapuo na msondo, nao wajue kwamba nawatazama.

Jambo la mwisho kwa wapanga safari: 5787 ni mwaka mrefu, una miezi 13, kwa kuwa mwezi wa Adari huja mara mbili. Kwa hiyo Purimu, sikukuu ya Esta, itachelewa hadi Machi, na Pasaka yetu itaanza jioni ya tarehe 21 Aprili 2027. Wageni kutoka nyumbani mlioahidi kuja Pasaka, tiketi zenu ziangalieni kwa kalenda hiyo, msije mkafika mwezi mmoja kabla mkanikuta bado nakula mkate wa chachu.

Waliobaki bila zamu nitawapigia mmoja mmoja wiki hii. Mwaka mwema, na muandikwe katika kitabu cha uzima, ninyi na wote wenu.