Sita na Tisa

Pasua, Moshi

Mwalimu, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku, zimebeba na aibu kidogo. Najua shemeji hapo Arusha bado anacheka: kipaimara cha mtoto kilikuwa tarehe 6, mimi nikatokea tarehe 9, na mkungu wa ndizi begani, turubai limeshakunjwa, viti vimesharudishwa kwa mwenyewe. Wewe uliniambia kwa simu, "tarehe sita." Mimi nikasikia tisa, nikajibu, "Sawa kabisa, nimekupata!"

Hujakosea wewe. Nimekwenda kupima masikio.

Walinifungia kwenye kichumba kidogo kama stoo yangu ya pumba, wakanivika hedifoni, wakanipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Ile milio mizito niliibonyeza yote, nikajiona kijana. Halafu kukawa kimya. Nikamtazama dada wa vipimo kupitia kioo, naye akanitazama, nikadhani umeme umekatika. Kumbe muda wote ule alikuwa ananipigia milio myembamba, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo nikaelewa habari ya sita na tisa. Yatamke polepole. Irabu ni zilezile, i na a, sauti nene, hizo bado nazipata. Kinachoyatenganisha ni wapi imekaa s na wapi imekaa t, na s ni upepo mwembamba tu. Miaka 27 ya mashine ya kusaga imeupeperusha. Marehemu mzee naye mashine ileile ilimfanya hivyohivyo, sisi tukamwita mkaidi. Hilo linaniuma kuliko masikio yenyewe.

Sasa usiku nasoma kwenye simu. Unamkumbuka yule konokono wa sikio la ndani, ule mrija uliojikunja, tuliyemchora kidato cha tatu, wewe ukampa na pembe? Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, kama 16,000 kwa kila sikio. Tunazaliwa nazo, zikifa hazioti tena. Za sauti nyembamba zimekaa mlangoni kabisa mwa konokono, na ndizo hutangulia kufa. Halafu sikia hii: kuku zikimfa, zinamwotea mpya. Kuku! Huyu ninayemlisha pumba mwenyewe!

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni habari za Mmarekani mmoja, A. James Hudspeth. Huyu bwana maisha yake ya utafiti yote, zaidi ya miaka 40, aliuliza swali moja: sauti ikikiinamisha kile kinyweleo, umeme unaokwenda kwenye ubongo unatoka wapi? Na alianzia kwa chura. Ndiyo, chura, kama wale wa maabara yetu waliokukimbiza nje umeshika mdomo. Alichukua seli za sikio la chura, akasukuma vile vinyweleo kwa ncha nyembamba ya kioo, huku akipima umeme wa seli. Mwaka 1977 yeye na mwenzake David Corey wakaonyesha kwamba ukisukuma huku seli inaamka, ukisukuma kule inatulia.

Kisha wakapima seli inachukua muda gani kuamka. Chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde! Kwa kasi hiyo hakuna nafasi ya kemikali kutumwa kwanza ndipo mlango wa seli, ule wa kuingizia umeme, ufunguke. Lazima mlango wenyewe unavutwa, kama mlango wa banda uliofungwa kamba. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza wakaziona hizo kamba kwa hadubini, uzi mwembamba kutoka ncha ya kinyweleo kifupi hadi kirefu cha jirani. Kelele kubwa huzikata. Tuzo ya Kavli, ile ya sayansi ya Norway, Hudspeth aliipata 2018 pamoja na Robert Fettiplace na Christine Petit. Kutoka 1977 hadi 2018, piga hesabu mwenyewe, mwalimu ni wewe. Mimi nilikuwa naviua vinyweleo vyangu, yeye anavihesabia kamba.

Kifaa cha kusikia nimeambiwa bei yake. Kwa hela hiyo nabadilisha mota na chenji inabaki. Nitaona baada ya mavuno.

Kijana wangu wa mashine nimemnunulia vile vya kuziba masikio, vikubwa vyekundu. Anavivaa shingoni. Wakija mabinti na madebe yao ndipo anavipandisha kichwani, lakini juu ya masikio, apendeze. Juzi nimezima mashine katikati ya foleni, nikamwambia haiwaki mpaka avivae sawasawa. Wateja walinitukana, nadhani. Sikusikia vizuri.

Mdogo wake yule mtoto wenu naye anapata kipaimara mwakani, sivyo? Usinipigie. Tuma meseji, na tarehe iandike kwa tarakimu.

Wako wa dawati la nyuma.