Mtu wa nyuma

Seoul, Jumapili usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya treni, nikaurudia nikipanda ngazi za stesheni. Wimbo wako uimbwe harusi tatu hapo Tanga na asitokee hata mmoja wa kukutaja? Hata mimi nimeumia. Sikukujibu siku ile kwa sababu kuna mtu nilitaka nikuhadithie, na habari zake hazienei kwenye simu.

Anaitwa Kim Min-ki, mtunzi wa nyimbo wa hapa Korea Kusini. Alizaliwa 1951, kitinda mimba katika watoto kumi. Baba yake, daktari, aliuawa vitani kabla hajamwona. Chuoni hapa Seoul alisomea uchoraji, gitaa likamteka. Mwaka 1971 akatoa santuri yenye wimbo "Achim Iseul", yaani umande wa asubuhi. Mwaka huohuo binti mmoja wa chuo, Yang Hee-eun, naye akaurekodi, na sauti yake ndiyo iliyouingiza majumbani. Wengi waliujua kama wimbo wa Yang.

Ndani mna umande, jua jekundu juu ya makaburi, na mtu anayeshika njia ya nyikani. Basi. Serikali ilianza kwa kuusifu kuwa wimbo mwema, halafu 1975 ikaupiga marufuku! Wanafunzi walikuwa wameshauchukua kwenye maandamano. Mwenyewe akawa mtu wa kuandamwa, akaenda kufanya kazi kiwandani, shambani, hata kwenye mgodi wa makaa ya mawe.

Sasa hapa ndipo nilipokukumbuka wewe. Wenzake wa kiwandani walikuwa wanafunga ndoa kwa pamoja, hawana uwezo wa makubwa, naye akawatungia wimbo wa harusi, "Sangnoksu". Mwaka 1998, nchi ikiwa imebanwa na madeni, wimbo uleule ulipigwa kwenye televisheni kuwatia watu moyo. Sauti ni ya Yang, tena! Na mwaka 1978 Kim alirekodi kwa siri mchezo wa nyimbo kuhusu wafanyakazi wa kiwanda, ukasambazwa kwa kaseti. Upande wa pili wa kaseti aliacha muziki mtupu, ili wafanyakazi waimbe wenyewe. Huo upande wa pili, Mwanaidi, umenikosesha usingizi.

Julai 1987 alizikwa mwanafunzi Lee Han-yeol, aliyepigwa na kopo la gesi ya machozi kwenye maandamano. Umati usiohesabika uliimba "Achim Iseul" barabarani. Kim alikuwa humohumo, kasimama kati ya watu. Baadaye alisema aliona wazi kwamba wimbo ule si wake tena.

Mwaka 1991 alifungua ukumbi mdogo mtaa wa Daehangno, akauita Hakchon. Kwake ulikuwa kitalu cha mpunga: unaotesha miche, wengine wanakwenda kuipanda kwao. Waigizaji aliwaita "vitu vya mbele", yeye akajiita "dwitgeot", kitu cha nyuma. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kuachia kila kitu: waigizaji aliwaandikia mikataba na kuwalipa, enzi ambayo wengi waliigiza kwa ahadi. Mchezo wake mkubwa, uliotungwa Berlin naye akaugeuza uhusu treni ya Seoul, ulichezwa mara 4,000. Mwaka 2008, watu bado wanajaa, akausimamisha ashughulikie michezo ya watoto, isiyo na faida. Hapo hata mimi ningemgombeza.

Ukumbi ulifungwa Machi 2024, saratani ya tumbo ikamchukua Julai. Gari la maiti lilipitishwa pale, watu wakamwimbia "Achim Iseul".

Jana nilipita. Mlangoni kuna kumbukumbu yenye sura ya mwanamuziki, nikaisogelea nikidhani ni yeye. Kumbe ni Kim Kwang-seok, mwimbaji aliyefikisha humo onyesho lake la 1,000. Nilicheka peke yangu barabarani.

Kwa hiyo wadai hao jina lako, na malipo pia, sijasema usidai. Ila nirekodie wimbo huo kwa sauti yako, hata kama ni jikoni na sufuria zinalia. Halafu nirekodie tena ngoma tupu.

Msalimie mama.

Wako,
Rehema