Mafunzo ya Jumamosi: muda umebadilika
Assalaam aleikum, habari za jioni mafundi wenzangu.

Mafunzo ya mashine za kunyanyulia watu sasa ni Jumamosi saa 1:30 asubuhi, karakana yetu ya Chumbageni. Upepo wa mchana hapa Tanga mnaujua, na mashine nyingi za nje mwisho wake ni upepo wa mita 12.5 kwa sekunde.

1. Njoo na kofia ngumu, buti na mkanda wa mwili mzima. Kamba ya mkanda hufungwa kwenye kishikizo cha ndani ya kikapu cha mashine, si kwenye nguzo ya jirani (wahusika wanajijua!).
2. Chai na chakula 5,000/=, mpe mweka hazina.

Anayekuja aandike "NIPO" hapa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni. Asiyeweza naye aseme, tafadhali.