Kapteni asiwe na ruhusa ya kukaribisha wageni kokpiti

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa kwenu akilalamika ati mwanawe alinyimwa kuingia kokpiti, yaani chumba cha marubani, ndege ikiwa hewani, na kwamba zamani watoto walikuwa wanaitwa mbele wanaonyeshwa vipimo na swichi, siku hizi marubani wanaringa. Sasa hiyo ya kuringa hapana. Mi naona mtoto alikataliwa vizuri tu, tena ningetaka hata huyo kapteni mwenyewe asiwe na uwezo wa kusema ndiyo.

Watu wakisikia habari za mlango wa kokpiti wanakumbuka Septemba 11, 2001 basi, kana kwamba sisi huku hayakutupata. Desemba 29, 2000 ndege ya British Airways imetoka Gatwick inakuja Nairobi, jumbo 747, watu karibu 400 ndani, abiria mmoja ambaye akili haikuwa sawa akanyanyuka kwenye siti yake akaingia mbele akashika usukani, ndege ikaporomoka maelfu ya futi mpaka marubani wakisaidiwa na abiria wakamtoa, na kapteni akatoka kaumwa sikio. Na 1996 ile ndege ya Ethiopian ya Addis kuja Nairobi, vijana watatu wakaingia kokpiti wanataka wapelekwe Australia, kapteni Leul Abate anawaambia mafuta hayafiki huko hawamwamini, yakaisha kweli, ikaangukia baharini pale Ngazija, Komoro, wakafa 125 kati ya 175. Mohamed Amin wetu, yule mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia, alikuwa humo.

Baada ya Septemba 11 ndo tukapata hii milango migumu, ambayo kwa ndege za abiria zaidi ya 60 ni lazima tangu Novemba 2003. Hata mhudumu haingii hivi hivi, anapiga simu ya ndani kwanza, anabonyeza namba, kengele inalia ndani, rubani anahakikisha ni nani kisha ndo anafungua kwa swichi. Kukiwa kimya ipo namba ya dharura inayofungua baada ya muda mfupi, isipokuwa aliye ndani akikataa.

Hapo najua mtu atanirukia na ndege ya Germanwings, shirika la Ujerumani, ya 2015, rubani msaidizi alimfungia kapteni nje akaigongesha ndege milimani kule Ufaransa, watu 150, na ndege ya shirika la LAM la Msumbiji 2013 ambapo kapteni ndiye alimfungia msaidizi. Ni kweli, na inauma. Lakini dawa yake si kulegeza mlango, dawa ni rubani akienda msalani mhudumu aingie akae na yule aliyebaki, wasiwe pungufu ya wawili. Ulaya walipendekeza hivo baada ya Germanwings alafu mwaka uliofuata wakalegeza, kila shirika lipime lenyewe, mi hapo sikuwaelewa.

Turudi kwa wageni. Machi 1994 kapteni wa Aeroflot, shirika la Urusi, Airbus A310 inatoka Moscow kwenda Hong Kong, aliwaita watoto wake wawili kokpiti akawakalisha kwenye kiti chake kwa zamu. Yule wa kiume akaubana usukani mpaka otopailoti, ule mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ikaachia sehemu ya kazi yake, na hakuna rubani aliyeona mapema, ndege ikaanza kulala upande, kuja kushtuka hawakuweza tena kuirudisha. Wakafa wote 75. Hakukuwa na gaidi pale wala mgonjwa, ni baba anawafurahisha wanawe. Na 2019 Misri, msanii Mohamed Ramadan akajirekodi kakaa siti ya rubani msaidizi, video ikazagaa, kapteni akafungiwa kuruka maisha.

Huyo kapteni namwonea huruma kidogo. Msanii maarufu anakuja anacheka na wewe, utamwambiaje toka? Na huku kwetu je, akija mheshimiwa na watu wake, au bosi wa shirika lenyewe na shemeji yake? Mlango ukiwa wa hisani kila mtu ana hisani anayoidai. Ila kapteni akiweza kusema sheria hainiruhusu hata mimi, maneno yameisha, hakuna aliyedharauliwa. Kukataa abaki nako, hata kwa rubani mwenzake anayeomba lifti kwenye kile kiti cha ziada cha nyuma mle kokpiti, asipomwamini amwache chini asiulizwe maswali.

Zile ndege ndogo aina ya Caravan za kwenda Zanzibar na Mara siziingizi humu, kule mlango wenyewe hakuna na abiria wakati mwingine anakaa ubavuni mwa rubani.

Na kwa yule mzazi, ndege ikishatua na injini zikazimwa subiri watu washuke, mwombe mhudumu akuulizie. Marubani wengi hapo hawana neno, mtoto ataingia, atapiga na picha.

Msomaji wenu,
Mombasa