Barua ya wazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: kemikali za amini hazinunuliwi kwa kuamini

Kwako Mkemia Mkuu wa Serikali,

YAH: LEBO ZA KISWAHILI KWENYE KEMIKALI ZA SABUNI ZINAZOPIMWA REJAREJA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naandika kutoka Igoma, jijini Mwanza, ambako huu ni mwaka wa sita nakoroga sabuni ya maji uani kwangu. Kikundi chetu kina akina mama saba, na mtaji wa kwanza tuliupata kwenye ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri.

Mwezi wa saba nilienda mjini kununua lita mbili za CDE, ile tunayoiita sidii, kemikali ya kuipa sabuni povu na uzito. Muuzaji alinipimia kutoka kwenye dumu lisilo na hata herufi moja, akanijazia kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa. Ilikuwa nyepesi kuliko niliyoizoea, na ilinuka kama nepi iliyolala. Nikamuuliza, hii ni sidii kweli? Akacheka: "Mama, we amini tu." Nikaamini. Pipa la lita 100 halikushika. Nilitia chumvi, nikaongeza chumvi, likabaki jepesi kama maji yaliyooshea mchele, na vidole viliniwasha siku tatu. Jirani yangu anayefundisha kemia sekondari aliinusa ile chupa, akarudisha kichwa nyuma haraka. "Hii si sidii," akasema. "Nadhani umeuziwa ndugu yake."

Ndipo nikaanza kuujua ukoo huu wa amini, yaani kemikali zinazotokana na amonia. Wewe unaufahamu kuliko mimi, lakini wenzangu watakaosoma hawaufahamu, kwa hiyo univumilie. Etanolamini, tawi la ukoo ambalo sidii yetu hutokea, hutengenezwa kwa kuunganisha amonia na oksaidi ya ethilini, na mtambo mmoja huzaa mabinti watatu kwa mkupuo, MEA (monoetanolamini), DEA (dietanolamini) na TEA (trietanolamini), ambao hutenganishwa baadaye. Kazi zao hazina idadi. Gesi asilia iliyochafuliwa na salfa huogeshwa kwa amini kabla haijatumika, na njia hiyo inajulikana tangu miaka ya 1930. Viwanda vya saruji hutia TEA kidogo wakati wa kusaga ili unga usigandane. TEA hiyo hiyo imo kwenye losheni nyingi, ikishikanisha maji na mafuta. Rangi za nywele zinazojisifu kuwa hazina amonia mara nyingi zina MEA badala yake. (Dada zangu wa saluni, harufu imepungua, lakini ngozi bado inahitaji glavu.)

Siri ya ukoo ni moja: amini hukimbilia asidi na kuikumbatia. Watu wa ziwani tunalijua hilo bila darasa. Harufu ya sangara aliyelala pale Mwaloni Kirumba ni ya amini, na ndiyo maana bibi hukamulia ndimu. Asidi ya ndimu huzishika amini zisiruke tena puani.

Hata kuwatambua kuna njia, alinionyesha mwalimu. Zikiwa safi, MEA huganda kwenye nyuzi joto 10, TEA kwenye 21, DEA kwenye 28. Kwa hiyo asubuhi ya Julai hapa Mwanza, wakati upepo wa ziwa umetupoza, DEA safi ingepaswa kuwa imeganda huku MEA ikimiminika kama kawaida. Lakini nani dukani anauza kitu kisichochanganywa na maji?

Kinachoniondolea usingizi ni DEA. Sidii yetu hutokana na DEA na mafuta ya nazi, na ndani yake hubaki DEA kidogo ambayo haikushikana na mafuta. Hiyo ikikutana na nitriti, chumvi kama zile za kuhifadhia nyama, huweza kuzaa nitrosamini, iliyowapa wanyama wa maabara saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka DEA na sidii kwenye kundi la 2B, yaani huenda zikasababisha saratani kwa binadamu. Neno ni "huenda", na sipendi wanaolitupa kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba kila anayefua atakufa kesho. Sisemi tuiache sidii. Bila hiyo povu linakufa na mteja harudi. Ila Umoja wa Ulaya, ambao umepiga marufuku DEA yenyewe kwenye vipodozi, unaruhusu jamii ya sidii kwa masharti: amini ya aina hiyo isiyoshikana isizidi asilimia 0.5, na chombo cha kuitunzia kisiwe na nitriti. Sasa chupa iliyookotwa jalalani, nani anajua jana ilibeba nini?

Semina niliyohudhuria ilitufundisha vipimo tu: sulfoniki (ile asidi ya kutengenezea sabuni) kiasi hiki, magadi soda kiasi hiki, koroga upande mmoja, formalini kwa ajili ya kutunza. Hakuna aliyetuambia tufunike macho. Formalini yenyewe tulipewa kwenye chupa inayofanana kabisa na ya glisirini.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani ipo. Ninachokuomba uitie nguvu ni pale mwisho kabisa, kwenye kupima rejareja, maana dumu huingia dukani na lebo yake lakini mimi huondoka na chupa iliyo uchi. Iwe ni lazima kila chupa iandikwe jina kamili la kilichomo na nguvu yake kwa asilimia, pamoja na tahadhari kwa Kiswahili ambacho binti yangu wa darasa la sita ataweza kunisomea nikiwa nimeloa mikono. Na kwa kuwa ofisi yenu ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, tutengewe hata siku moja kwa mwezi wakorogaji wadogo tulete sampuli zipimwe kwa bei tunayoiweza.

Lile pipa sikulimwaga. Wenzangu walitaka tulipeleke usiku Mto Mirongo, nikakataa, kwa sababu Mirongo unaishia ziwani na ziwani ndiko tunakochota. Hadi leo liko uani limefunikwa bati, na zile chupa mbili ziko chini ya meza. Nieleze nizilete mlango gani, na siku gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkoroga sabuni, Igoma, Mwanza