Barua ya wazi kwa Mkuu wa WHO: Kifaa cha kusemea kije kabla sauti haijakatika

Kwako Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Afya Duniani.

Salamu. Ninamuuguza mtu mwenye ALS, ugonjwa wa neva unaolemaza misuli hatua kwa hatua, na kilichonifanya nikuandikie ni filamu ya michezo.

Filamu ya hali halisi iitwayo Gleason, ya mwaka 2016, inamhusu Steve Gleason, aliyekuwa mchezaji wa New Orleans Saints, timu ya mpira wa Kimarekani. Ndiye aliyeuzuia mpira wa Atlanta Falcons usiku wa Septemba 25, 2006, timu yake iliporejea uwanjani kwake kwa mara ya kwanza tangu kimbunga Katrina. Mwaka 2011, akiwa na miaka 33, aliambiwa ana ALS. Muda mfupi baadaye wakajua kwamba mkewe ana mimba. Akaanza kujirekodi akizungumza na mtoto ambaye hajazaliwa, maana alijua mtoto huyo huenda akaanza kuelewa maneno wakati baba hawezi tena kuyatamka. Watu huitazama wakalia. Mimi nilikuwa nasikiliza ulimi wake ukizidi kuwa mzito.

Ugonjwa huu huua seli za neva zinazoamrisha misuli: mikono, miguu, ulimi, koo, na mwisho misuli ya kupumulia. Wengi hufariki ndani ya miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza. Macho, kwa kawaida, hubaki yakitii karibu mpaka mwisho, ndiyo maana kuna kompyuta zinazofuata mboni: mgonjwa anatazama herufi, mashine inasema.

Nyumbani kwetu tuna ubao tu. Nataja safu ya herufi, anainua macho. Nataja herufi mojamoja, anainua tena. Neno “mto” lina herufi tatu, lakini hadi likamilike shingo imeshamuuma kitambo. Nikikosea tunaanza upya, na ananitazama kwa namna isiyohitaji ubao kuielewa.

Huko Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali, ilibadili utaratibu mwaka 2014, vifaa vya kusemea vikawa vya kukodishwa. Mgonjwa alipolazwa, malipo yaliweza kukatwa, yaani alipokonywa sauti pale pale alipotakiwa kumwambia daktari panapouma! Gleason na wenzake wakapiga kelele, na Julai 2015 sheria yenye jina lake, ya kuondoa ukodishaji huo, ikasainiwa. Mwaka 2018 ikafanywa ya kudumu. Nawapongeza kwa dhati. Ila wagonjwa wengi wa ALS hawajawahi kushangiliwa na uwanja wowote, na hakuna atakayewafuata na kamera.

Kwa upande wenu, mbao na programu za mawasiliano zimo katika orodha yenu ya mwaka 2016 ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Ripoti yenu na UNICEF ya 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawavipati. Mei mwaka huohuo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa neva, unaofika 2031. Makaratasi, basi, hayajapungua.

Ninachokidai ni mapema. Sauti ya mgonjwa inaweza kurekodiwa ili kompyuta iitumie baadaye, lakini lazima arekodiwe angali anasema vizuri. Siku ya kumwambia hivyo ni ileile anayotajiwa jina la ugonjwa. Sisi siku hiyo tulipewa kipeperushi na pole. Habari ya kurekodi nilikuja kuisikia wakati yeye ameshabakiwa na “ndiyo” na “hapana”.

Kwa hiyo nchi wanachama zinapoleta taarifa za utekelezaji wa mpango huo, naomba ofisi yako iziulize wazi: mgonjwa wa ALS kwenu anapata kifaa cha kusemea lini, kabla au baada ya sauti kukatika? Na nani anakilipia? Majibu yachapishwe nchi kwa nchi, hata yale ya aibu.

Wako,
Mwuguzaji wa mgonjwa wa ALS